Kostiki au Mvuke: Njia Ipi Itasafisha Mafuta Yako Ghafi?

Mafuta yakitoka kwenye kinu huwa yamebeba mengi yasiyotakiwa chupani: asidi huru (asidi za mafuta zilizojitenga na mafuta yenyewe), gundi za fosfolipidi (mafuta yenye fosforasi), rangi, nta, chembe za chuma na shaba, na harufu ya mbegu yenyewe. Sehemu kubwa ya uchafu huo huondolewa kwa namna ileile katika kila kiwanda. Njia zinaachana kwenye asidi huru. Upande mmoja wanaigeuza kuwa sabuni kwa kostiki (hidroksidi ya sodiamu) na kuitoa mapema. Upande wa pili wanaiacha humo hadi hatua ya mwisho, ile ya kuondoa harufu, ikapeperushwa na mvuke ndani ya ombwe (chombo kilichonyonywa hewa).

Swali linaloulizwa kwanza ni "asidi huru ni asilimia ngapi?" Ni swali halali, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni fosforasi, ambayo ndiyo kipimo cha gundi zilizomo, na hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Asidi huru hukuambia utapoteza mafuta kiasi gani ukitumia kostiki. Fosforasi hukuambia kama njia ya mvuke iko wazi kwako au la.

Tofauti iliyo ndani kabisa

Kostiki ikikutana na asidi ya oleiki, gramu 40 za kostiki hukamata gramu 282 za asidi na kutengeneza sabuni. Sabuni hiyo ni nzito kuliko mafuta, kwa hiyo inazama. Ikizama haiendi peke yake: inaburuta gundi, sehemu ya rangi, chembe za madini na vumbi la mashudu. Hatua moja inafanya kazi tano, na ndiyo maana kostiki husamehe mafuta machafu.

Mvuke hufanya kazi moja tu. Molekuli ya asidi ya oleiki ina uzito wa 282, ya mafuta yenyewe inakaribia 885. Kwenye nyuzi 250 za Selsiasi na ombwe la milibari 3, ile nyepesi inapaa na ile nzito inabaki. Gundi hazipai. Zikiwa bado zimo, zinaungua humohumo ndani ya mafuta, na rangi ya kahawia inayozaliwa hapo hakuna udongo wa kupaushia (udongo unaonyonya rangi) utakaoitoa vizuri.

Pima kabla hujachagua

Asidi huru hupimwa kwa titresheni. Pima gramu 28.2 za mafuta, yeyushe katika alkoholi ya moto iliyokwisha kusawazishwa (isiyobaki na asidi yake), tia matone ya fenolfthaleini, kisha dondosha kostiki ya normali 0.1 (normali ni kipimo cha ukali wa myeyusho) huku ukitikisa mpaka rangi ya waridi ikae sekunde 30. Kila mililita 1 uliyotumia ni asilimia 0.1 ya asidi huru. Mafuta yakiwa makali zaidi, chukua gramu 7.05 na kostiki ya normali 0.25, hapo kila mililita ni asilimia 1. Hesabu hii ni ya asidi ya oleiki. Kwa mawese, badala ya 28.2 tumia 25.6, na kwa nazi tumia 20.0, kwa sababu asidi zake kuu ni ndogo. Anayeisahau tofauti hiyo kwenye mafuta ya nazi atakosea pia kiasi cha kostiki.

Fosforasi huhitaji maabara yenye kifaa chake. Jibu likija kwa miligramu kwa kilo, zidisha kwa 25 upate makadirio ya gundi: miligramu 400 za fosforasi ni kama gramu 10 za gundi katika kila kilo, yaani asilimia 1. Kama maabara iko mbali, kuna kipimo cha zamani kisicho na namba: pasha sampuli ndogo polepole hadi karibu nyuzi 280, mahali penye hewa inayotoka nje na mbali na mwali wa moto. Mafuta yakitoa vipande vinavyoelea au yakageuka meusi ghafla, gundi zimo. Yakibaki angavu, umepata dalili nzuri. Ila dalili si cheti.

Si gundi zote zinazotoka kwa maji ya moto. Zile zilizoshikamana na kalsiamu na magnesiamu hukataa maji na kubaki ndani ya mafuta. Mbegu zilizovunjika, zilizonyeshewa au zilizokaa ghalani muda mrefu huwa na nyingi za aina hiyo. Hizo zinataka asidi ya fosforiki au ya sitriki ivunje kwanza ule mshikamano.

Kostiki kwa vitendo

Chukua kilo 1,000 za mafuta ya alizeti yenye asidi huru asilimia 2. Hizo ni kilo 20 za asidi. Kilo 20 mara 0.142 ni kilo 2.84 za kostiki kavu. Ongeza ziada ya asilimia 15, zinakuwa 3.27. Kama umetanguliza nusu kilo ya asidi ya fosforiki ya asilimia 85 ili kulegeza gundi, nayo inakula kostiki yake, takriban kilo 0.35. Jumla ni kilo 3.62. Hapa ndipo makosa mengi huanzia: kipimo kinapigwa kwa asidi huru tu, ile ya fosforiki inasahaulika, halafu watu wanashangaa kwa nini mafuta yamebaki na asidi.

Kilo hizo 3.62 zikiyeyushwa ndani ya kilo 29.3 za maji zinatoa myeyusho wa asilimia 11, ambao kwenye kipimo cha Baumé (cha uzito wa myeyusho) husoma 16. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogokidogo, kamwe si maji juu ya kostiki. Joto linalotoka linatosha kuurusha usoni. Miwani na glavu si mapambo.

Kwenye pipa lenye kitako cha koni, anza mafuta yakiwa nyuzi 20 hadi 30. Mwaga kostiki kama mvua juu ya uso wote huku kikorogeo kikizunguka mara 30 hadi 35 kwa dakika. Baada ya robo saa, punguza hadi mizunguko 8 hadi 10 na uanze kupasha. Chovya kijiko cheupe mara kwa mara. Mwanzoni utaona mafuta yenye ukungu tu. Kuelekea nyuzi 60 ukungu unakatika kama maziwa yaliyoganda: vipande vidogo vya kahawia, na kati yake mafuta angavu. Hapo simamisha kikorogeo. Ukiendelea kukoroga kwa sababu vipande "bado ni vidogo", utavisaga upya na sabuni haitazama. Acha kitulie saa 8 au usiku mzima, kisha fungua bomba la chini utoe shapo la sabuni.

Kiwanda chenye sentrifuji (mashine inayotenganisha kwa kuzungusha kwa kasi) hufanya hayohayo kwa nyuzi 75 hadi 90 na kwa muda mfupi sana, ili kostiki ya ziada isipate nafasi ya kuyashambulia mafuta yenyewe.

Kuosha kunafuata. Maji laini, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mafuta, yenye joto la nyuzi 85 hadi 90, mara moja au mbili. Maji magumu hutengeneza sabuni ya kalsiamu isiyoyeyuka. Maji ya baridi hutengeneza rojo jeupe linaloweza kukaa siku nzima bila kutengana. Rojo likishatokea, chumvi kidogo na joto huwa vinasaidia, ila mafuta utakayopoteza humo hayarudi yote.

Usiende kwenye kupausha kabla ya kupima sabuni iliyobaki. Gramu 40 za mafuta, asetoni yenye maji asilimia 2, matone ya bromofenoli ya bluu. Juu ikitokea rangi ya kijani au bluu, sabuni ipo. Dondosha asidi ya hidrokloriki ya normali 0.01 mpaka irudi njano. Kila mililita ni miligramu 76 za sabuni kwa kilo ya mafuta. Lenga chini ya 50. Zaidi ya hapo sabuni inaziba vitundu vya udongo wa kupaushia. Utatumia udongo mara mbili na kitambaa cha chujio kitakwama katikati ya kazi. Baada ya hapo kausha ndani ya ombwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 0.1.

Hasara, kwa hesabu

Sabuni inapozama inabeba mafuta mazuri. Kwa sentrifuji iliyorekebishwa vizuri, kila kilo ya asidi huru huondoka na jumla ya kilo 1.5 hadi 2. Kwa pipa la kutulia ni kilo 2 hadi 3. Kwa mvuke ni kilo 1.1 hadi 1.2.

Kwa tani ya mafuta yenye asidi huru asilimia 1, kostiki yenye uwiano wa 2 (kilo 2 kwa kila kilo ya asidi) hula kilo 20, mvuke kilo 11 au 12. Tofauti ya kilo 8 au 9 si ya kukosesha usingizi. Asidi ikiwa asilimia 5, kostiki hula kilo 100 na mvuke 55 hadi 60. Kilo 40 na ushee za mafuta mazuri kwa kila tani, kila siku, ni mtaji mzima unaotoka kwa bomba la chini.

| | Kostiki | Mvuke |
|---|---|---|
| Asidi huru inayoifaa | ndogo, hadi asilimia 2 au 3 | yoyote. Hufaidi zaidi ikiwa kubwa |
| Fosforasi kabla ya kupausha | husamehe | chini ya mg 20 kwa kilo |
| Fosforasi baada ya kupausha | chini ya 5, bila taabu | chini ya 5, lazima |
| Joto la hatua ya mwisho | nyuzi 220–240 | nyuzi 240–260 |
| Mvuke wa kupuliza | asilimia 1–2 ya mafuta | asilimia 2–4 |
| Kinachobaki | shapo la sabuni na maji ya kuoshea | asidi ya mafuta iliyokusanywa |

Hasara ya njia ya mvuke haiishii kwenye hesabu hiyo ya asidi, hata hivyo. Mafuta yenye gundi asilimia 2 yatapoteza mafuta ndani ya gundi hizo wakati wa kuziondoa, na udongo wa kupaushia utakaotumia ni mwingi zaidi kwa sababu hakuna sabuni iliyotangulia kusafisha. Udongo uliotumika hushika mafuta asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake. (Na ukiurundika nje ukiwa wa moto, hasa wa alizeti au soya, unaweza kuwaka wenyewe. Umwagie maji kwanza.)

Mvuke kwa vitendo

Kazi yote iko kabla ya mvuke. Pasha mafuta hadi nyuzi 80 au 90, tia asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa kiasi cha kilo 0.5 hadi 1 kwa tani, koroga kwa nguvu. Kwa mawese, ambayo gundi zake ni chache, unaweza kwenda moja kwa moja kwenye udongo. Kwa mafuta ya mbegu, ongeza maji asilimia 2 au 3, acha gundi zivimbe, zitenge kwa sentrifuji. Kisha udongo asilimia 1 hadi 2, nyuzi 95 hadi 110, ombwe la milibari 50, dakika 20 hadi 30. Chuja, kisha chuja tena kwa chujio laini, maana chembe ya udongo ikiingia kwenye mnara wa moto (chombo cha hatua ya mwisho) inageuka kichocheo cha uharibifu.

Hapo ndipo mvuke unapoingia. Watu hudhani kwamba kiwanda kilichokuwa kikiondoa harufu tu kinaweza kuondoa na asidi kwa kuongeza dakika chache. Hakiwezi. Mvuke unaohitajika hufuata mara ngapi asidi inapunguzwa, na kanuni yake ni ya logarithimu. Kutoka asilimia 5 hadi 0.05 ni kupunguza mara 100, kutoka 0.1 hadi 0.03 ni mara 3 na kidogo. Kwa joto na ombwe lilelile, kazi ya kwanza inataka mvuke karibu mara 4 ya kazi ya pili. Ombwe nalo linalipwa kwa mvuke: likilegea kutoka milibari 3 hadi 6, mvuke unaohitajika unakaribia kuongezeka maradufu. Udhaifu wa pampu ya ombwe usifidiwe kwa kupandisha joto.

Chombo chenyewe kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na sehemu zinazokusanya asidi ziwe za daraja la 316, kwa sababu asidi za mafuta zikiwa moto hutafuna chuma cha kawaida na kuacha chembe zinazoharakisha mafuta kuchacha. Kupata nyuzi 250 kwa mvuke uliojaa kunataka shinikizo la karibu baa 40. Wengine hutumia mafuta ya kupashia badala yake. Yakivuja ndani ya mafuta ya kula, kundi zima ni la kutupa. Mimi ningechagua boila.

Ukimaliza, usifungue ombwe mafuta yakiwa bado moto. Yapoze humohumo. Kwenye nyuzi 120 hivi tia asidi ya sitriki miligramu 50 kwa kilo ikamate mabaki ya chuma na shaba, endelea kupoza hadi chini ya nyuzi 70, ndipo uruhusu hewa. Tundu dogo kwenye muhuri wa pampu linatosha kuharibu tani kadhaa: oksijeni kwenye nyuzi 250 hutia rangi na kunenepesha mafuta ndani ya dakika.

Joto lina deni lake

Juu ya nyuzi 230 hivi, diglisaridi (mafuta yaliyopungukiwa asidi moja) huanza kutoa esta za glisidili, kemikali zisizotakiwa kwenye chakula, na kasi inapanda kwa ukali kadiri joto linavyozidi. Mawese ndiyo yanayoumia zaidi kwa kuwa yana diglisaridi nyingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 1,000 za esta hizo kwa kilo ya mafuta yanayouzwa kwa mlaji, kwa hiyo anayelenga soko hilo hawezi kupandisha joto apendavyo. Esta za 3-MCPD, uchafu mwingine wa aina hiyo, ni jambo jingine: chanzo chake ni klorini iliyomo kwenye mafuta ghafi, nazo huzaliwa mapema zaidi, hivyo kupunguza joto mwishoni hakuziondoi. Kuosha mafuta ghafi kwa maji na kupunguza asidi kali kwenye kuondoa gundi husaidia zaidi.

Mafuta yenye asidi ya linoleniki, kama soya na kanola, hugeuka kwa sehemu kuwa mafuta ya transi (yaliyobadilika umbo la molekuli) yakikaa muda juu ya nyuzi 240. Kwa haya kostiki ina faida isiyotajwa sana: asidi imeshaondoka, hatua ya mwisho inaondoa harufu tu, na nyuzi 220 hadi 230 zinatosha.

Mbegu kwa mbegu

Pamba: kostiki, bila mjadala. Gosipoli, sumu yenye rangi iliyomo kwenye mbegu za pamba, hutoka na sabuni. Ukiyapasha ikiwa bado imo, rangi inajifunga na haitoki tena. Ndiyo maana mafuta ghafi ya pamba hayafai hata kukaa kwenye tangi la moto kwa wiki kadhaa.

Mawese: mvuke. Fosforasi ni ndogo, asidi huru mara nyingi ni asilimia 3 hadi 5, na karotini (rangi yake nyekundu) huvunjwa na joto lenyewe. Nazi pia mvuke, kwa joto la chini kidogo, nyuzi 220 hadi 230, maana asidi zake ni nyepesi na hata baadhi ya mafuta yake mafupi hutaka kusafiri nazo.

Soya: kostiki, isipokuwa una mfumo mzuri wa kuondoa gundi kwa asidi au vimeng'enya na maabara inayopima fosforasi kila zamu.

Karanga: hapa sumukuvu huamua. Aflatoksini iliyomo kwenye mafuta ya kukamuliwa huondolewa kwa kostiki na kuosha, na kupausha humalizia. Mbegu zikiwa na shaka ya ukungu, sitategemea mvuke peke yake.

Pumba za mpunga zina mgogoro wake. Kimeng'enya kilicho ndani ya pumba hupandisha asidi huru haraka, ikavuka asilimia 10 kwa urahisi. Kwa kostiki ungepoteza robo ya mafuta, na orizanoli (kiambato chenye thamani cha mafuta ya pumba) nyingi ingeenda na shapo la sabuni. Mvuke ndio jibu, lakini gundi na nta zake ni ngumu. Fedha iende kwanza kwenye kuzipasha pumba mara tu zinapotoka kinuni, ili kimeng'enya kife. Hilo linaokoa kuliko mashine yoyote.

Alizeti ndiyo inayobishaniwa. Iliyokamuliwa bila kupashwa sana ina gundi chache, na inaweza kwenda njia yoyote. Kinachoelekeza ni nta. Kwa kostiki, unaweza kupoza mafuta yakiwa bado na mabaki ya sabuni na maji, hadi nyuzi 5 hadi 8, na sabuni ikasomba nta nayo. Kwa mvuke, unahitaji hatua ya peke yake: kupoza polepole, kushikilia saa 12 hadi 24, na kuchuja kwa unga wa kusaidia uchujaji. Kwa asidi huru chini ya asilimia 1.5, kostiki ni rahisi kuiendesha. Zaidi ya asilimia 3, nenda na mvuke na ununue chujio la nta.

Masalia

Shapo la sabuni si takataka, ni malighafi ya wenye viwanda vya sabuni, mradi wapo karibu na linachukuliwa kabla halijaoza. Usipompata mchukuaji, utalazimika kulivunja kwa asidi ya salfuriki kwenye nyuzi 90 hadi pH ya 2 au 3. Mafuta ya asidi yanaelea, na chini yanabaki maji makali yenye salfeti ambayo hayaruhusiwi kumwagwa mtaroni bila kusawazishwa. Gharama hiyo iwekwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Asidi inayokusanywa na mvuke iko safi, kavu, na huuzwa moja kwa moja kwa watengenezaji wa sabuni na chakula cha mifugo.

Kama kiwanda kitapokea mbegu za aina mbili, mathalani pamba msimu mmoja na mawese msimu mwingine, jenga mnara wa mvuke wenye uwezo wa nyuzi 260 na mkusanyo wa asidi, kisha weka mapipa mawili ya kostiki mbele yake. Mapipa ni chuma na kikorogeo tu, huongezwa wakati wowote. Mnara uliojengwa kwa ajili ya kuondoa harufu pekee ndio usioongezeka.